Nilikuwa mfungaji hatari Kitale, nikafika Bungoma nikapewa chokaa nichore D

Wakuu, habari za mchana.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Nawasoma mkitukanana kuhusu mipira ya Ulaya, nacheka, naenda zangu. Leo naandika kwa sababu kwenye uzi mmoja hapo juu kuna jamaa amesema timu yetu ya zamani ya shule "iliibiwa miaka yote". Watu wamempa like kibao.

Mimi nilikuwa ndani ya hiyo timu. Mimi ndiye niliyekuwa nafunga. Nitaeleza kama ilivyokuwa, na mkiona naongeza chumvi mniambie, ingawa hii story inaniaibisha mimi kwanza, na sijui ni nani hukaa chini akajitungia aibu.

Wekeni chai jikoni. Ni ndefu kidogo.

Nacheza hoki. Ile ya nyasi, ya magongo. Kuna wale watakaouliza kama ni ya barafu. Huku kwetu barafu tunayoijua ni mvua ya mawe.

Nyumbani ni Kiminini. Mama ana kahoteli karibu na stage, chai, chapati na maharagwe. Shule nilisomea Kitale, na jina silitaji. Kama unaijua, jifanye huijui.

Kwa wasiojua hoki, nawaomba mshike kitu kimoja tu. Mbele ya goli kuna mstari uliopinda, unafanya kitu kama nusu duara. Tunaiita D. Bao linahesabika tu kama mshambuliaji amegusa mpira akiwa ndani ya D. Ukipiga ukiwa nje na mpira uingie moja kwa moja, hata ukitoboa ubao, hilo si bao. Wapinzani wanapewa mpira, mchezo unaendelea.

Hiyo ndiyo sheria. Story yote inakaa hapo.

Sasa, uwanja wetu wa shule ulikuwa na mteremko upande wa jikoni, na katikati ya wiki ulikuwa wa ng'ombe. Ijumaa Mzee Barasa, mfanyakazi wa shule aliyechunga hao ng'ombe, anawatoa, anazoa kinyesi, anachora mistari kwa chokaa. Alikuwa mtu wa ng'ombe kwanza. Uwanja alipewa kwa sababu ng'ombe walikuwa wanalala upande huo.

Kwenye uwanja huo, wakuu, mimi nilikuwa mfalme.

Nilikuwa na mahali pangu, upande wa kulia, juu kabisa ya D. Mpira unaletwa pale, nainua gongo, napiga, basi. Wageni walikuwa wanakaba kwa mazoea yao, karibu na goli, na mimi nimesimama peke yangu kama mtu anayengoja kinyozi. Hakuna aliyenigusa. Nilicheza miaka minne na miguu yangu haikuwa na alama hata moja.

Waliniita Kombora. Wasichana wa shule jirani walikuwa na wimbo wangu. Nyumbani hatukufungwa.

Ugenini ilikuwa mambo mengine.

Tukienda Kimilili, mabao yangu mawili yanakataliwa. Tukienda Bungoma, matatu. Refa anaonyesha mkono, anasema nje, tunaendelea. Kapteni wetu alikuwa na maelezo tayari kabla hata ya kuvua viatu, kwamba refa amenunuliwa na soda na keki. Kwenye basi tunaimba tumeibiwa mpaka Kitale. Mwalimu wa michezo alikuwa na barua ya malalamiko ame-save kwa kompyuta. Kila term anabadilisha jina la shule iliyotuibia, anaprint, anatuma.

Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini wezi wote wa magharibi ya Kenya walikuwa wanatuibia kitu kile kile.

Na wageni wakija kwetu walikuwa wanalalamika pia. Walikuwa wanasema D yetu ni kubwa. Tuliwaambia wamezidiwa, wakubali tu, waende wakafanye mazoezi.

Nikamaliza shule. Nikakaa nyumbani mwaka mmoja na kitu, nasaidia mama kubeba maji na kusimulia wateja mabao yangu. Kuna video moja ilikuwa inazunguka, mwanafunzi mmoja aliichukua na simu akiwa nyuma ya goli. Inaonyesha mpira ukija kama risasi, kipa anaruka bure. Mstari wa D hauonekani kwenye video. Hilo mlikumbuke.

Video hiyo ikamfikia Coach Ramadhan wa Bungoma.

Niwaeleze kidogo. Kwa hoki ya Kenya, kuwa professional si gari na mashabiki airport. Ni kampuni kukuajiri. Asubuhi uko store unapanga magunia, mchana uko uwanjani. Barua ya kuajiriwa ndiyo ndoto yenyewe. Kampuni hii inanunua mahindi, jina naliacha. Walinipa msimu mmoja wa kujaribiwa. Mwisho wa msimu coach anasema ndiyo au hapana, na ndiyo yake ndiyo inatoa barua.

Mama hakungoja mwisho wa msimu. Siku ileile alichinja kuku. Jumapili nikaitwa mbele kanisani nikaombewa. Siku chache baadaye nikasikia ametundika picha yangu pale hotelini, ile nimeinua gongo kwenye uwanja wa shule, na chini yake amebandika karatasi ameandika na marker: PROFESSIONAL.

Kwa hivyo mnaelewa. Sikuwa na njia ya kurudi. Ningerudi Kiminini bila barua, ningekuwa mfano wa kutolewa kwenye mahubiri.

Nikafika Bungoma.

Coach Ramadhan ni mtu wa mjini pale, amezaliwa karibu na msikiti, alikuwa beki siku zake. Haongezi sauti. Anaongea Kiswahili kilichopigwa pasi, kila neno mahali pake, mpaka wewe ukijibu unaona aibu. Kapteni alikuwa Wekesa, beki kutoka Kimilili, mkubwa kama mlango wa store, na huyo hakuwa na pasi hata kwa nguo. Tulifanya naye kazi kwenye magunia.

Mazoezini nilipiga mashuti ya mbali, watu wakaguna. Mkono ulikuwepo, hilo sikudanganya mtu. Mechi ya kwanza nikawekwa nianze.

Dakika kumi hivi mpira ukaja mahali pangu. Juu ya D, kulia, peke yangu. Nikapiga.

Ubao wa goli ulilia mpaka watu wa sokoni wakageuka.

Wakuu, nilikimbia. Nilivuta jezi nikafunika uso, nikanyoosha mikono, nikaenda kwa mashabiki upande wa jukwaa. Nilikuwa sioni mbele. Nilikuwa nangoja wenzangu wanirukie mgongoni. Hakuna aliyekuja. Nikasikia kelele, nikadhani ni zangu.

Nilipoteremsha jezi, wapinzani walikuwa upande wa pili wa uwanja wanashangilia. Walikuwa wamepewa mpira, wameanza haraka, wamepitia mahali ambapo mimi ningekuwa nimekaba, wamefunga. Tulifungwa moja bila, na moja yenyewe ni hiyo.

Baada ya mechi nikasema kile nilichofundishwa. Nikasema refa amenunuliwa.

Wekesa alikuwa anafungua viatu. Akaniangalia kwa utulivu.

"Wewe unapiga mpila ukiwa Kiminini," akasema, "na gori iko Bungoma, bana."

Watu walicheka. Mimi nilikasirika, nikajiambia hawa wananionea kwa sababu nimetoka Kitale. Mechi ya pili nikafanya vilevile, bila kufunika uso safari hii. Nje tena. Sasa nikaanza kuona Bungoma nzima iko kwenye njama.

Coach hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Umewahi kuchora D?"

Nikasema hapana, kazi hiyo huwa ya mtu wa uwanja.

"Ijumaa njoo saa nane. Leta nguo ya kuchafua."

Ijumaa nikapewa ndoo ya chokaa, kopo na kamba yenye utepe mwekundu kwenye ncha. Unafunga kamba kwenye mlingoti wa goli, unaivuta mpaka inyooke, unatembea nayo ukimwaga chokaa kwenye ncha. Halafu mlingoti wa pili. Halafu unaunga katikati kwa mstari ulionyooka. Kazi ya nusu saa.

Nilipomaliza nikasimama nikaangalia. D ilikuwa ndogo. Kwa kweli ilinipa huruma, ilikuwa kama D ya watoto wa nursery.

"Coach, hii kamba imekatwa," nikamwambia.

Hakubisha. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa tape ya fundi, akanipa.

"Pima."

Wakuu, mtu yeyote aliyecheza hoki anajua hiyo namba. Mita kumi na nne na sentimita sitini na tatu, dunia nzima. Mimi pia niliijua, niliikariri shule. Nikavuta tape. Kamba ilikuwa sawa kabisa. Nikapima mara ya pili, kutoka mlingoti mwingine. Sawa.

Nikaenda nikasimama mahali pangu, pale mwili wangu ulipokuwa unajua ni juu ya D. Nikatembea kuelekea mstari. Hatua tatu, na ya nne nikakanyaga chokaa.

Nilikaa chini. Sikuwa nimeamua kukaa, nilijikuta tu nimekaa kwenye chokaa mbichi. Mabao yote. Ule wimbo wa wasichana. Video. Karatasi ya mama. Yote yalikuwa ya hatua tatu nje.

Coach aliokota ndoo akaenda zake.

Jioni nikampigia Mzee Barasa. Nikamsalimia vizuri, nikamuuliza ng'ombe, nikafika kwa swali. Mzee, ile kamba ya kuchora D, uliitoa wapi?

"Ire ya mwarimu iliraruka kitambo," akasema. "Nikatoa ya Maua."

Maua ni ng'ombe. Ng'ombe wa shule, mweupe na madoa.

"Uliipima, mzee?"

"Nilipima. Irikuwa inatosha Maua kufika kwa majani ya fensi."

Mnaelewa hapo? Maisha yangu yote ya ufungaji yalipimwa na chakula cha mchana cha ng'ombe. Kama majani mazuri yangekuwa karibu zaidi, mimi ningekuwa mchezaji mwingine. Nilimshukuru mzee nikakata simu, na yeye mpaka leo anadhani nilipiga kumjulia hali.

Sasa ndiyo kazi ikaanza.

Nawaambia siri ya zile hatua tatu. Ndizo zenye watu. Nje ya D hakuna anayekusumbua, kwa sababu huna hatari. Ukivuka mstari, mabeki wote wanakumbuka kwamba wana magongo. Miaka minne nilikuwa nacheza mahali pasipo na mtu halafu najiita forward.

Mazoezini coach alikuwa ananipa mpira mahali pangu palepale na kuniambia niingie. Nikiingia, Wekesa yuko pale. Nilipigwa muundi wa kulia, nikapigwa wa kushoto, nikapigwa kidole gumba mpaka nikawa nashika kikombe kwa mikono miwili. Wekesa hakuwa na ubaya. Ananiinua, ananipangusa nyasi, "pore bana," halafu tunaanza tena na ananiangusha tena.

Kwenye mechi nilikuwa bench. Na kila Ijumaa, saa nane, nachora D. Coach hakuwahi kuniambia nimemaliza adhabu. Baadaye nikagundua haikuwa adhabu. Watu wa pale uwanjani wakaanza kuniita Chokaa. Kutoka Kombora mpaka Chokaa ni miezi miwili tu, kama kuna mtu humu anapanga kujivuna.

Kitu kingine ni kurudi nyuma. Mimi nilikuwa forward wa kungoja. Timu ikishambuliwa nilikuwa nasimama mbele naangalia, kama mtu aliyelipa kiingilio. Coach akaniwekea sheria mazoezini: tukipoteza mpira, nisiposhika mstari wa katikati kabla ya Wekesa kuhesabu nne, wote wanakimbia duru moja kwa sababu yangu. Wiki ya kwanza walinichukia kama ushuru. Wiki ya tano hivi Wekesa akageuka akanikuta nimesimama nyuma yake.

"Chokaa, umepotea njia?" akauliza.

Ile ndiyo sifa ya kwanza niliyopata Bungoma. Nililala nikiifikiria, sitawaficha.

Bao langu la kwanza halali lilikuwa baya sana. Mpira ulipita mbele ya goli, nikajirusha, nikaugusa na ncha ya gongo hatua mbili kutoka kwa kipa, nikaangukia uso kwenye matope. Sikukimbia popote. Nilitazama mstari kwanza, halafu refa, halafu mstari tena. Refa mwenyewe alicheka.

Katikati ya msimu jamaa mmoja wa timu akapata kazi Kisumu akaondoka. Alikuwa ndiye anayesukuma short corner.

Short corner ni adhabu. Mabeki wakifanya kosa ndani ya D, mshambuliaji mmoja anasimama kwenye mstari wa nyuma, pembeni ya goli, anasukuma mpira utoke mpaka nje ya D. Pale kuna mwenzake anautuliza, unaingizwa ndani tena, mwingine anapiga. Huyu anayesukuma hafungi. Anainama, anasukuma, basi. Akisukuma vizuri hakuna anayemwona. Akiharibu, uwanja mzima unamjua na mama yake.

Coach akasema Chokaa atasukuma.

Nilimuuliza kwa nini mimi, na nilikuwa najua jibu litauma.

"Kwa sababu huo mstari unaujua kuliko sisi sote," akasema. "Kila shimo lililo njiani umelitembelea Ijumaa."

Ni kweli. Nilikuwa najua mpira utaruka wapi na utalala wapi. Nikaanza kuja asubuhi kabla ya kazi, naweka alama ya chokaa juu ya D, ukubwa wa kifuniko cha sufuria, nasukuma mpira uipite. Kila asubuhi. Mgongo ulikuwa unauma nikibeba gunia mpaka msimamizi wa store akaniuliza kama nimeoa.

Kufikia mechi ya mwisho nilikuwa naanza. Si kwa sababu ni hatari. Ni kwa sababu nilikuwa nafanya kile nilichoambiwa, kila mara, na hilo nikiwa shule ningeliita tusi.

Mechi ya mwisho ilikuwa hivi. Tukishinda tunabaki kwenye ligi. Tusiposhinda tunashuka, na kampuni ilikuwa imesema timu ikishuka hakuna barua mpya. Kwa hivyo barua yangu ilikuwa kwenye hiyo mechi, wazi kabisa.

Mama akaja. Hakuja peke yake, alifunga hoteli akaja na wateja. Wawili walisoma shule yetu. Walikuja na ule wimbo wa Kombora.

Bao moja kwa bao moja mpaka zimebaki dakika mbili. Halafu Wekesa akakata mpira kule nyuma, akaupiga mrefu, nikaukimbilia.

Uliniangukia mahali pangu, wakuu. Palepale, juu kulia, hatua tatu nje. Kipa alikuwa amesogea vibaya, goli lote upande wa kushoto liko wazi. Watu wa Kiminini wakasimama. Piga, piga, piga. Sauti ya mama ilikuwa juu ya zote, anapaza kama anaita mtu wa maziwa.

Mkono ulikuwa umeshapanda. Nawaambia ukweli huu bila kujipamba: mwili wangu ulitaka kupiga, na kichwa kilikuwa kimeshaanza kusikia ule wimbo. Nilitaka sana, nilitaka mpaka meno yakauma.

Nikauteremsha mkono. Moja. Mbili. Mabeki wawili wakafika. Tatu. Nikavuka chokaa niliyoimwaga mwenyewe jana yake, na hapohapo gongo la mtu likanipata muundi, nikaenda chini.

Refa akanyoosha mikono kuelekea goli. Short corner.

Watu wangu waliguna kwa uchungu. Niliwasikia wakisema si angepiga tu, alikuwa peke yake. Yule mmoja wa shule yetu alisema huyu si Kombora tunayemjua, Bungoma wamemharibu.

Niliinuka nikaenda kwenye mstari wa nyuma nikichechemea. Nikainama. Sikumwangalia mtu. Niliangalia mahali pa kifuniko cha sufuria. Nikasukuma.

Ulitoka umenyooka, haukuruka hata mara moja. Ukatulizwa, ukaingizwa, Wekesa akapiga. Ubao ukalia.

Timu nzima ilimrukia Wekesa. Mimi nilibaki kule pembeni, nimeshika muundi, niko peke yangu nyuma ya mstari. Coach hakuwa anaangalia kule kwenye kelele. Alikuwa ananiangalia mimi. Akainamisha kichwa mara moja, akageuka kuokota chupa za maji.

Jumatatu nikaitwa ofisini, barua iko mezani. Coach alikuwa amesimama mlangoni.

"Kwenye ile video niliona mkono," akaniambia. "Miguu nilijua tutaitafuta hapa."

Halafu akaongeza, kwa Kiswahili chake kile kile, "Na ungepiga juzi, ningekupa nauli."

Misimu imepita, bado niko hapa. Nafunga kidogo. Nasukuma sana. Na Ijumaa bado nachora, siku hizi kwa kupenda.

Nilirudi shule mwaka jana, nikiwa na kamba mpya nimeipima mwenyewe, utepe mwekundu kwenye ncha. Nikampa Mzee Barasa. Aliivuta, akaitazama, akasikitika.

"Hii ni fupi. Ng'ombe atakura nini?"

Maua alishakufa. Sasa ni binti yake, lakini kamba ni ileile. Mwalimu wa michezo alinishika bega, akasema wazo ni zuri, wataanza term ijayo, kwa sababu term hii wana mechi kubwa ya nyumbani. Nilipokuwa natoka nikapita kompyuta yake iko wazi. Barua ya malalamiko bado iko pale.

Nikaamua kuwaambia wenzangu. Tuna group ya WhatsApp ya timu ya zamani. Nikaandika yote, kamba, Maua, hatua tatu, nikaweka na picha ya tape. Nikasema ndugu zangu, hatukuibiwa, tulikuwa nje.

Zile tiki zikawa za bluu. Halafu kapteni wetu wa zamani akaandika maneno mawili: "Naye amenunuliwa." Akanitoa kwenye group.

Basi wewe jamaa wa ule uzi mwingine, nadhani na wewe uko kwenye hiyo group. Wasalimie.

Funzo langu ni dogo. Kama unashinda kwako tu, na kila unakoenda unaibiwa, kabla ya kumtukana refa tafuta tape. Inawezekana kweli uliibiwa, wezi wapo. Lakini pima kwanza. Mimi ningepima nikiwa kidato cha pili ningeokoa miundi yangu na maombi ya kanisa zima.

Haya, ukumbi ni wenu. Kuna mtu humu amewahi kugundua kwamba alikuwa hatua tatu nje, iwe kazini, shuleni, kwa mapenzi? Tiririkeni. Na mabeki mliomo humu, msinicheke sana, najua mlipo.

Nilisahau kitu. Mama alikaa na kisirani karibu mwezi mzima kwa sababu sikupiga. Halafu akaniomba picha mpya ya hotelini. Nikatafuta, nikakuta picha yangu moja tu kwenye zote za ile mechi. Nimeinama kwenye mstari wa nyuma, nasukuma, na mpiga picha alikuwa nyuma yangu, kwa hivyo kinachoonekana zaidi ni makalio. Nilimtumia nikijua atakataa.

Wiki iliyopita nilipita Kiminini. Picha ya Kombora bado iko ukutani, ameinua gongo, yuko nje ya D na anatabasamu. Chini yake ukuta uko wazi. Ile karatasi ya PROFESSIONAL mama ameibandua, ameibandika chini ya hii ya makalio.